Mabwawa ya Tanga yaainishwe kwanza, vifaranga vije baadaye

Ndugu Mhariri,

Ukitaja samaki hapa Tanga, mawazo ya wengi hukimbilia mialo ya pwani ya Deep Sea, Sahare na Kipumbwi. Maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, husahaulika, ilhali Korogwe, Muheza, Handeni na Kilindi kuna watu wanaotega perege na kambare, na kitoweo cha vijiji kadhaa vya bara hutoka huko huko. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno juu ya maji hayo, hasa juu ya desturi ya kuyasimamia yote kwa kanuni moja.

Lambo la mifugo linalokauka kiangazi si sawa na bwawa la umeme ambalo maji yake hupanda na kushuka kwa kufuata mahitaji ya mitambo. Kidimbwi cha kando ya Mto Pangani kinachojazwa na mafuriko si sawa na ziwa la shimo lenye kingo za mwamba na kina kirefu. Samaki wa humo si wale wale, hawazaliani kwa namna moja, wala hawafi kwa sababu moja. Hata hivyo, inapozungumzwa habari ya kuendeleza uvuvi wa maji baridi, mazungumzo huanza na kuishia kwenye mambo matatu: ukubwa mmoja wa tundu la wavu kwa wote, miezi ile ile ya kufunga uvuvi kwa wote, na vifaranga vya samaki wa aina moja vya kumwagwa kila mahali. Rai yetu ni kwamba kabla ya hayo, kila eneo la maji lipimwe, samaki wake wajulikane, kisha liwekwe katika kundi lake. Kazi hiyo haihitaji maabara kubwa. Inahitaji mtumbwi, kamba, nyavu, vipimo vichache vya maji, daftari na watu wavumilivu.

Wazo lenyewe si geni. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtaalamu wa samaki Dennis Schupp aliyapanga maziwa ya huko mwaka 1992 kwa ukubwa, kina, umbo la kingo na kemia ya maji, akapata makundi zaidi ya 40, kila kundi na jamii ya samaki inayotarajiwa kukutwa humo. Jimbo jirani la Wisconsin lilikuja kupanga maziwa karibu 6,000 na kubaki na makundi 15 tu. Wao walianza na swali jepesi: je, ziwa lina aina chache za samaki wanaovuliwa, au lina mchanganyiko wa aina nne na kuzidi? Ndipo wakaendelea kuuliza kama maji ni ya baridi au ya vuguvugu, maangavu au meusi.

Faida kubwa ya kupanga hivyo ni kupata cha kulinganisha nacho. Tuseme wavu mmoja umelala usiku mmoja ukatoka na perege 12. Hiyo ni neema, au ni dalili kwamba bwawa linakwisha? Hakuna awezaye kujibu mpaka ajue mabwawa mengine ya kundi hilo hilo hutoa wangapi kwa wavu wa aina hiyo hiyo. Anayelilinganisha lambo la Handeni na bwawa kubwa la Nyumba ya Mungu hajalinganisha kitu.

Na kwetu Afrika Mashariki tofauti kati ya ziwa na ziwa ni kubwa sana. Ziwa Victoria, kwa ukubwa wake wote, lina kina cha wastani cha mita 40 hivi. Tanganyika inafika mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina oksijeni, kwa hiyo uvuvi wake mkubwa wa dagaa na migebuka hutegemea tabaka la juu. Natron ni ziwa la magadi makali, na bado visamaki vya jamii ya perege huishi kwenye chemchemi za moto zinazolizunguka. Katika bonde letu wenyewe la Pangani kuna Ziwa Jipe, pana, lenye kina cha mita chache na lililosongwa na matete. Na si mbali na hapo kuna Ziwa Chala, shimo la volkano lenye kina cha mita 90 hivi. Yote mawili yako mpakani na Kenya. Ukiyaandikia kanuni moja, moja kati yake litaumia.

Sasa tuje kwenye vipimo, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi huharibikia.

Eneo la maji hupatikana kwenye picha za setilaiti zinazotazamwa bure. Chukua picha mbili, moja ya mwisho wa masika na moja ya mwisho wa kiangazi, uchore mstari wa kingo kwa kila moja. Bwawa linalopoteza nusu ya eneo lake kila mwaka haliwezi kukaa kundi moja na linalopoteza sehemu moja ya kumi, hata kama kwenye ramani yana ukubwa sawa. Kisha tazama umbo. Gawa urefu wa kingo kwa mzingo wa duara lenye eneo lile lile. Ziwa la kilomita moja ya mraba likiwa duara kamili lina kingo za kilomita 3.54; bwawa la eneo hilo hilo lenye kingo za kilomita 10 linatoa uwiano wa 2.8. Uwiano ukiwa mkubwa, ziwa lina vihori vingi na maji mengi ya pembeni, na huko ndiko perege dume huchimba kiota chake na vifaranga hujificha.

Kina hupimwa kwa kamba isiyovutika yenye uzito wa kilo moja na alama kila nusu mita. Kata ziwa kwa mistari kutoka ukingo hadi ukingo, pima kila baada ya umbali ule ule, na kila nukta iandikiwe mahali pake kwa GPS ya simu. Makosa ya kawaida hapa ni matatu, na yote huongeza kina kisichokuwepo. Mtumbwi hupenda kupita katikati, hivyo pembeni hapapimwi. Upepo huusukuma mtumbwi, kamba ikaenda mshazari. Na uzito mwembamba huzama ndani ya tope laini kabla mpimaji hajahisi kwamba amefika chini. Dawa yake ni kuufunga juu ya kifuniko bapa cha ndoo ili ukae juu ya tope. Tunachokitafuta ni kina cha wastani, pamoja na sehemu ya ziwa yenye kina kisichofika mita 2. Kina cha mahali parefu kuliko pote kinapendwa kusimuliwa, lakini chenyewe peke yake hakisemi samaki wangapi wanaweza kuishi humo.

Kwa nini tunashikilia kina cha wastani? Mwaka 1974 watafiti Henderson na Welcomme walichambua maziwa ya Afrika wakaonyesha kwamba mavuno ya samaki yanaweza kukadiriwa kwa vitu viwili tu: konduktiviti, yaani kiasi ambacho maji hupitisha umeme kwa sababu ya chumvichumvi zilizoyeyuka, na kina cha wastani. Unagawa konduktiviti, kwa mikrosiemensi kwa sentimita, kwa kina cha wastani kwa mita. Jibu unalipandisha kwa kipeo cha 0.4681, kisha unazidisha kwa 14.3136. Unapata kilo kwa hekta kwa mwaka. Maji yenye konduktiviti ya 200 na kina cha wastani cha mita 2 yanakadiriwa kutoa kilo 124 hivi kwa hekta. Maji yenye konduktiviti ile ile lakini kina cha mita 20 yanatoa kilo 42. Kina kimeongezeka mara kumi, mavuno yameshuka hadi theluthi. Hii ndiyo sababu ziwa refu la shimo linaloonekana limejaa maji halistahimili idadi ya nyavu ambayo bwawa bapa la jirani linaistahimili.

Hesabu hiyo isigeuzwe kuwa kibali cha kuvua kilo hizo. Ni makadirio ya maziwa mengi kwa pamoja, na ziwa moja moja linaweza kuwa mbali nayo juu au chini. Maji ya magadi hayaingii humo. Malambo pia huipotosha: maji yanapokauka chumvi hukolea, konduktiviti inapanda, kina kinashuka, na hesabu inaahidi samaki wengi wiki chache kabla ya lambo kubaki tope. Kwa mabwawa yanayopanda na kushuka, pima mara mbili na uandike mwezi.

Uangavu wa maji hupimwa kwa kisahani cha Secchi: kisahani cha upana wa sentimita 20, robo mbili nyeupe na robo mbili nyeusi, kinachoweza kukatwa kwenye bati na kupakwa rangi mtaani. Kishushe upande wa mtumbwi wenye kivuli, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, bila miwani ya jua. Andika kina kinapopotea, kipandishe, andika kina kinapoonekana tena, kisha chukua wastani. Lakini namba hiyo haitoshi. Mabwawa mawili yanaweza yote kusoma sentimita 40, moja kwa sababu ya udongo unaoletwa na mvua kutoka mashambani, jingine kwa sababu ya mwani mdogo unaoelea. Teka maji kwenye chupa angavu uyaache yametulia kivulini hadi kesho yake. Udongo mwingi utashuka na kuacha tope la kahawia chini. Mwani utabaki umening'inia na kuyafanya maji yawe ya kijani, au utapanda juu kama utando. Bwawa la kwanza lina njaa, kwa kuwa mwanga hauingii na chakula cha samaki hakioti. La pili lina chakula tele, ila linaweza kuishiwa oksijeni alfajiri.

Hapo alfajiri tupasisitize. Oksijeni ipimwe kati ya saa 11 na saa 12 asubuhi, kuanzia juu hadi chini, kila mita moja. Usiku kucha mimea na mwani huvuta oksijeni bila kuitengeneza, hivyo saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kipimo cha saa 7 mchana kwenye maji ya kijani huwa kizuri kupita kiasi na hakifai kwa uamuzi wowote. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita perege hutaabika na kupanda juu kuhema. Kambare hana wasiwasi huo, kwani ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Ndiyo maana bwawa lililobaki na kambare watupu linapaswa kutufanya tuulize habari ya oksijeni kabla ya kuwalaumu wavuvi. Katika maji yenye kina kirefu yaliyokingwa na upepo, tabaka la chini hukaa muda mrefu bila oksijeni. Kusi linapovuma na baridi kuingia, Juni hadi Agosti, maji ya juu hupoa na kuzama, ya chini hupanda, na samaki wanaweza kuelea asubuhi moja kwa wingi. Watu husema kuna sumu. Wakati mwingine ipo, lakini mahali penye kina kirefu pakaguliwe kwanza oksijeni ya chini.

Jambo jingine ambalo halihitaji chombo chochote ni kuuliza maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Kambare hutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko ya mvua za kwanza. Ningu na kuyu hupanda mito maji yanapojaa. Mkunga wa maji baridi huzaliwa baharini, akapanda mito kama Pangani na Zigi kukua, kisha hurudi baharini kutaga. Ukuta wa bwawa usio na njia ya samaki unamkatia safari hiyo. Bwawa lililopoteza kijito chake lina samaki tofauti na lenye kijito, hata kama kina, eneo na rangi vyote ni sawa.

Kisha samaki wenyewe. Tumia nyavu za kutega za matundu kumi: inchi 1, 1.5, 2, 2.5, 3, 3.5, 4, 4.5, 5 na 6. Kila tundu liwe na urefu ule ule, tuseme mita 30, na kimo kile kile cha mita 1.5. Ufungaji kwenye kamba uwe nusu kwa nusu: wavu wa mita 60 ukinyooshwa, ufungwe kwenye kamba ya mita 30, ukifungwa kwa kukazwa au kulegezwa kuliko hapo umbo la tundu hubadilika na wavu wa inchi 3 unaanza kuvua kama wavu mwingine. Mpangilio wa matundu ubadilishwe kila mtego. Wavu wa tundu dogo ukikaa siku zote karibu na ukingo, hutajua kama samaki wadogo wamenaswa kwa sababu ya tundu au kwa sababu ya mahali. Tega saa 12 jioni, tegua saa 12 asubuhi, sehemu moja pembeni na nyingine katikati. Nyavu za kutega humkosa kambare aliye kwenye majani na visamaki vidogo vya ukingoni, kwa hiyo ongeza madema na mshipi mrefu wenye ndoana nyingi. Kila samaki apimwe urefu kwa milimita na uzito kwa gramu, na wa kutosha wapasuliwe kutazama jinsia na kama mayai yamekomaa.

Mali bila daftari huisha bila habari, na katika daftari la samaki mstari wenye thamani kuliko yote ni ule unaosomeka sifuri. Wavu uliotoka mtupu lazima uandikwe: tundu lake, urefu wake, saa zake, samaki 0. Waandikaji wengi huuruka kwa kuona hakuna cha kuandika. Matokeo yake wastani hukokotolewa kwa nyavu zilizopata tu, na bwawa linaloelekea kuisha linaonekana liko salama hadi mwaka wa mwisho.

Vipimo vikishapatikana, makundi yasiwe mengi. Mkoa wenye maji machache ukiyagawa katika makundi 15 utabaki na bwawa moja katika kila kundi, na ulinganisho tunaoutafuta utatoweka. Kwa Tanga tunaona makundi manne yanatosha kuanzia: kwanza, malambo yanayokauka au kukaribia kukauka; pili, vidimbwi na maji bapa ya kando ya mito, yanayounganika na mto wakati wa mafuriko; tatu, mabwawa ya kudumu yaliyojengwa mtoni, kama Mabayani kwenye Mto Zigi linaloipatia Tanga mjini maji, na yale ya umeme ya Hale na Pangani; na nne, maji ya kina kirefu yaliyojitenga, yasiyo na mto wa kuingia wala kutoka. Ndani ya kila kundi maji yagawanywe mara moja tu kwa jamii ya samaki: penye perege na kambare peke yao, na penye mchanganyiko wa aina nne au zaidi. Kisha makundi hayo yajaribiwe. Ficha samaki wa bwawa moja, tumia kina, eneo na kingo zake kutabiri samaki, halafu fungua daftari. Utabiri ukikosea, ama kuna kipimo kilichosahaulika, ama kuna mtu alileta samaki kutoka kwingine.

Manufaa yake kwa mvuvi ni haya. Katika lambo linalokauka, kukataza wavu wa inchi 2 hakuna maana. Samaki wote watakufa maji yakiisha. Hapo kanuni ni kuvua wote mapema, wakiwa bado na uzito mzuri, na kuhifadhi wazazi wachache kwenye kisima au bwawa la jirani. Perege anayeishi kwenye maji madogo yenye misukosuko hukomaa akiwa mdogo na kuanza kuzaa kabla ya kukua. Ukimpangia inchi 6, zinazofaa Ziwa Victoria kwa sangara na sato, hutapata kitu, na wavuvi watavunja sheria si kwa ukaidi ila kwa njaa. Urefu wa kukomaa kwa kila kundi, unaopatikana kwa kuwapasua samaki na kuwatazama mayai, ndio uamue tundu.

Katika vidimbwi vya mafuriko, tundu la wavu lina uzito mdogo kuliko uzio. Mtu akifunga mkondo kwa uzio wakati wa mvua za kwanza anavua kambare mwenye mayai anayekwenda kutaga, na siku chache za namna hiyo zinatosha kuharibu mwaka. Kuzuia uvuvi kwenye mikondo kwa wiki za mwanzo za masika na vuli, na kuacha maji ya katikati wazi, ni nafuu kwa kila mtu kuliko kufunga uvuvi wote miezi mitatu.

Mabwawa ya mtoni yana tatizo lake pekee. Perege jike wa jamii ya Oreochromis hubeba mayai na watoto mdomoni, lakini kupandana hufanyika kwenye viota vilivyochimbwa kwenye maji ya chini pembeni. Maji yakishushwa ghafla viota hubaki nchi kavu. Wanaoendesha bwawa wakikubali kulishusha polepole, na kulituliza kwa wiki tatu wakati viota vinapoonekana kwa wingi, wamefanya kazi kubwa kuliko gari la vifaranga. Jambo hilo lizungumzwe kati ya maofisa uvuvi, Bodi ya Maji Bonde la Pangani na wenye mitambo. Tena mabwawa mapya hudanganya. Nyumba ya Mungu lilipojaa miaka ya 1960, samaki waliongezeka kwa kasi kwa sababu ya rutuba ya ardhi na mimea iliyozamishwa, watu wakamiminika, na baadaye mavuno yakaporomoka. Leseni za bwawa jipya zisipangwe kwa mavuno ya miaka yake ya kwanza.

Tumeacha kwa makusudi vifaranga hadi hapa, kwa sababu hapo ndipo kosa halirekebishiki. Bonde la Pangani lina perege wake wa asili. Mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe aliwaelezea kisayansi Oreochromis korogwe, aliyepewa jina la Korogwe yetu, na Oreochromis jipe. Chala ina wake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote duniani. O. jipe na O. hunteri wako katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Sato wa Mto Nile, Oreochromis niloticus, na mwenzake O. leucostictus wamesambazwa katika mabonde mengi ya nchi hii kwa nia njema ya kuongeza kitoweo, na wote wawili huzaliana na perege wa asili na kutoa machotara. Kwenye maziwa madogo ya Lindi, ambako O. korogwe pia anaishi, uchunguzi wa vinasaba ulimkuta amechanganyika na O. leucostictus. Chotara hawezi kuvuliwa akaisha. Akishaenea, samaki wa asili haondolewi kwa wavu ila kwa kuzaa, kizazi baada ya kizazi.

Kumtambua sato wa Nile si kazi ngumu: mkia wake una mistari ya wima iliyopangika tangu unapoanzia hadi mwisho, ambayo perege wa Korogwe hana. Machotara ndio huponyoka macho. Kwa hao, kata kipande cha pezi chenye ukubwa wa ukucha, kitie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ndani mwake weka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka. Vichupa hivyo vinakaa muda mrefu na vinaweza kupelekwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) au chuo kikuu chochote chenye maabara ya vinasaba.

Kwa hiyo upandikizaji ufuate kundi. Malambo yasiyounganika na mto hata wakati wa mafuriko yanaweza kupandikizwa, kwa perege wa bonde hili hili waliokuzwa kutoka kwa wazazi waliopimwa. Vidimbwi vya mafuriko visipandikizwe kabisa: kilichomwagwa humo Machi kitakuwa mtoni Mei. Mabwawa ya mtoni yenye perege anayezaa vizuri hayahitaji vifaranga, yanahitaji mazalia. Na maji ya kina kirefu yaliyojitenga, hata kama yanaonekana matupu, yasiguswe mpaka samaki wake wajulikane mmoja mmoja. Kuhamisha samaki hai kutoka maji haya hadi yale kunahitaji kibali, na tunawaomba wanaotoa vibali waulize swali moja kabla ya kugonga muhuri: haya maji ni ya kundi gani?

Tunaziomba halmashauri za Korogwe, Muheza, Mkinga, Handeni, Kilindi na Pangani zianze na orodha: jina la kila bwawa, lambo na kidimbwi, eneo lake kiangazi na masika, kina cha wastani, mahali maji yanapoingia na kutokea, na samaki waliokutwa. Vipimo vya kwanza vifanyike mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, na vya pili Juni baada ya masika, kwa nyavu zile zile na watu wale wale waliofundishwa pamoja. Wavuvi walipwe kwa siku wanazosaidia kutega. Nakala moja ya daftari ibaki ofisi ya kijiji, moja kwa kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi (BMU), moja kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Na zabuni ya vifaranga ikitangazwa, itaje bwawa kwa jina, kundi lake na aina ya samaki inayoruhusiwa humo. Isiyotaja hayo irudishwe.

Wafuatiliaji wa uvuvi wa maji baridi,
Tanga